Utalii Hauna Herufi

"Ami, mimi nataka namba moja tu."

Ndivyo alivyoanza mtoto wa kaka yangu, saa nne za usiku, kwa ujumbe wa sauti, bila hata shikamoo. Nikajua mwalimu kamkaba. Anasomea utalii huko Unguja, yumo katika ripoti yake ya mwisho, na sentensi ya kwanza tu imemkalisha macho. Anataka kuandika kwamba utalii Zanzibar umeajiri watu kadhaa, na pale penye "kadhaa" aweke tarakimu. Si kwamba hakuipata. Kaipata mara nne, na zote nne hazijuani.

"Shikamoo yangu iko wapi?" nikamrudishia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Hizo namba umezitoa wapi?"

Kimya kidogo. "Mtandaoni."

Mtandaoni si pahala. Ni sawa na kumuuliza mtu samaki huyu umemnunua wapi, akakujibu "kwenye kapu". Nikamwambia alale, nitamwandikia. Nikaanza kuandika ujumbe, ukarefuka, mwisho ukawa huu.

Nitangulie kusema kwamba mimi si mtakwimu. Niliwahi kuwa mdadisi, basi. Yule mtu wa kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, anayekuja asubuhi na mtu wa sheha, yule kiongozi wa mtaa, anapiga hodi, anakaribishwa barazani, na kabla chai haijapoa ameshakuuliza umri wako, darasa uliloishia na kipato ambacho hata mkeo humwambii. Nimeifanya kazi hiyo kwa vipindi, hapa Pemba, na siku hizi nafanya hesabu za duka la watu. Lakini imeniachia maradhi mamoja: nikisikia namba ya ajira tu, najiuliza ni nani aliyepigiwa hodi.

Maana hodi yenyewe hupigwa pahala pawili. Ama nyumbani kwa mtu, ukamuuliza mwenyewe anafanya nini. Ama kwa mwajiri, ukamuuliza ana wafanyakazi wangapi. Yaliyobaki ni madaftari yaliyoandikwa kwa shughuli nyengine kabisa, ya michango, ya mishahara, ya vibali, ambayo mtu huyafunua baadaye akahesabu majina.

Hodi ya nyumbani ndiyo ninayoijua vizuri. Siku moja nilikuwa kijiji cha pwani, wilaya ya Micheweni. Mama mtu mzima kakaa kwenye jamvi, miguu kainyoosha, kamba imemlalia mapajani, anafunga mbegu za mwani: anakata tawi, analizungushia taitai, kile kikamba chembamba, anakaza, anasogea kiganja kimoja, anafunga jengine. Uwanja wote wa nyuma umeanikwa mwani, kuku wanazuiliwa kwa kelele tu. Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya kujipatia faida, japo kwa saa moja?

"Sina kazi mwanangu," akasema, na mikono haikusimama. "Mie nipo tu."

"Na huu mwani, mama?"

"Aa, huo ni mwani tu!"

Kwake yeye kazi ni ya ofisini, yenye barua na mshahara mwisho wa mwezi. Mwani ni mwani. Kwenye mafunzo tulionywa sana juu ya jibu hili, tukafundishwa kulizunguka: ulilima? ulivua? uliuza chochote? ulimsaidia mtu wa nyumbani kwenye biashara yake? Dodoso zuri limejaa maswali ya namna hiyo, yanayomkera anayeulizwa kwa sababu anaona ameshajibu. Mdadisi mwenye haraka huyapita. Akiyapita, jibu moja tu linamhamisha mama yule kutoka kwa wafanyao kazi kumpeleka kwa wasiokuwemo kwenye nguvu kazi kabisa. Na wakulima wa mwani Zanzibar, tangu kilimo hicho kianze pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wengi wao ni wanawake. Kwa hiyo wanaodondoka si watu wa popote popote. Ni wao.

Kuna jambo jengine ambalo kwenye mafunzo sikufundishwa, nilifundishwa na bahari. Siku saba si kipimo cha mwani. Mwani unakwenda na bamvu. Maji yakipwa sana, mashamba yanabaki nje, wanawake wanashuka pwani alfajiri na kamba zao, wanapanda, wanavuna, wanakimbizana na maji yasije yakawakuta. Yakija maji mafu, shamba limo chini ya maji, hakuna wa kwenda. Sasa fikiria umefika kijijini mwisho wa maji mafu na swali lako la siku saba. Unazunguka nyumba kumi, na wote kwa ukweli wa Mungu wanakuambia hawakwenda shamba. Dodoso lina tundu la kupitia hapo: linauliza kama una kazi ambayo kwa sababu fulani hukuifanya wiki ile. Na kufunga mbegu, na kuanika, na kupakia magunia, vyote ni kazi ya mwani vilevile, hata mguu haukugusa maji. Lakini umsubiri mama yule akwambie mwenyewe? Hatokwambia.

Karafuu nayo ina mambo yake. Mwaka wa karafuu, Pemba nzima inahamia juani. Fundi uashi anaacha ujenzi, dereva anaegesha gari, wanafunzi wanapanda mikarafuu, mama wanachambua usiku kwa taa, na mchumaji analipwa kwa pishi. Ukipita na dodoso miezi hiyo utaapa kwamba kisiwa hiki hakijui ukosefu wa ajira. Rudi baada ya msimu. Mikarafuu nayo haizai sawasawa kila mwaka, mwaka mmoja inamwaga, mwengine unatazama majani. Ndiyo maana mimi nikipewa jadwali la ajira la Pemba natazama kwanza liliulizwa mwezi gani, kabla ya kutazama asilimia.

Hata lile neno "saa moja" lina wenyewe. Kanuni za nani ahesabiwe kuwa na ajira hupangwa na watakwimu wa kazi wa dunia nzima wakikutana kwenye Shirika la Kazi Duniani, Geneva. Mkutano wao wa 19, wa Oktoba 2013, uliligawa jambo hili upya. Anayelima ili auze, au alipwe, yuko kwenye ajira. Anayelima muhogo ili nyumba ile, anafanya kazi, ila hayumo kwenye ajira. Kiswahili chetu kilikuwa na maneno mawili tayari, kazi na ajira, kwa hiyo sisi hatukuhitaji kusafiri mpaka Geneva kujua kwamba si kitu kimoja. Lakini athari yake kwenye namba ni kubwa. Mke na mume wanaweza kulima konde moja, huyu matuta yake yakaenda sokoni, yule yakaenda chunguni, na jadwali likawaandika mbalimbali.

Haya. Tuje kwenye utalii wa kijana wetu.

Ukishajua kwamba mtu ana ajira, unamuuliza shughuli ya mahali anapofanyia kazi ni ipi, halafu unaitafutia msimbo. Nchi nyingi, sisi tumo, zinafuata mgawanyo wa Umoja wa Mataifa. Toleo la nne, la mwaka 2008, lina herufi 21, kuanzia A mpaka U. A ni kilimo, misitu na uvuvi. C ni viwanda. F ujenzi. G ni biashara ya jumla na rejareja, pamoja na matengenezo ya magari. H usafirishaji. I ni malazi na chakula. Chini ya herufi kuna tarakimu: karafuu ipo 0128, pamoja na iliki na mdalasini. Mwani wa kupanda upo 0321, kwenye ufugaji wa viumbe vya baharini, lakini mwani ukiuokota ulioota wenyewe umeshahamia 0311, kwenye uvuvi. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yakishaingia kiwandani Wawi yakatoka mafuta, si kilimo tena, ni C.

Tafuta utalii hapo. Pitia A mpaka U, rudi U mpaka A. Hakuna. Utalii hauna herufi.

Sababu yake ni nyepesi mtu akishaelezwa. Herufi zinafuata kitu kinachotengenezwa au huduma inayotolewa, na utalii haufuati huduma, unafuata mnunuzi. Chakula ni chakula, akile mgeni kutoka Italia au akile mpemba aliyekwenda Unguja kumtazama mgonjwa. Hivyo mtu wa mapokezi hotelini yuko I. Dereva wa gari la watalii yuko H. Kampuni ya kutembeza wageni iko N, herufi ya huduma za utawala na usaidizi, na papasi wa Forodhani, yule kijana anayewaandama watalii awatembeze, akihesabiwa kwa usahihi, nadhani angekaa hukohuko N, ingawa sijawahi kukutana na papasi aliyejiita papasi mbele ya dodoso. Muuza vinyago wa Mji Mkongwe yuko G, pamoja na muuza sabuni.

Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka hapa. Nilimdadisi bwana mmoja mtunza bustani wa hoteli, nikamwandika kilimo. Nilijiona nimefanya la maana. Jioni msimamizi akanipigia.

"Huyu mtu anauza mchicha?"

"Hapana, anamwagilia maua."

"Maua ya nani?"

"Ya hoteli."

"Basi yumo hotelini, bwana. Usinitie aibu."

Nilikuwa nimechanganya kazi ya mtu na shughuli ya mwajiri wake. Hivyo ni vitu viwili, na vina misimbo miwili tofauti. Mhasibu wa hoteli ni mhasibu kwa kazi, hoteli kwa shughuli. Dereva wa skuli ni dereva, lakini shughuli yake ni elimu. Na kinyume chake: mlinzi anayesimama kwenye geti la hoteli miaka kumi, akiwa analipwa na kampuni ya ulinzi, hayumo hotelini hata siku moja. Yuko N. Hoteli ikiacha kuajiri walinzi na wafagizi wake ikawachukua kwa mkandarasi, herufi I inapungua watu na N inaongezeka, na pale getini amesimama mtu yuleyule na kofia mpya.

Watu wengi, wakiwemo waandishi wa habari, hukata njia kwa kuchukua herufi I nzima wakaiita utalii. Kijana wetu ndivyo alivyofanya kwenye namba yake ya pili. Tatizo I ina wageni wengine ndani. Mama anayekaanga mandazi asubuhi akayauza mwenyewe barazani, kwa watu wanaokula palepale, yuko I. Yeye na hoteli ya nyota tano, herufi moja. (Angeyapeleka mandazi yale kwa jumla dukani yakauzwe huko, angeingia C, kiwandani. Nimejaribu kumweleza mtu jambo hili kijiweni, akaniuliza kama serikali inanilipa kwa maneno haya.) Kwa hiyo I inaweza kupanda kwa sababu hoteli zimeongezeka Paje, au kwa sababu maisha yamebana Chake watu wakaanza kukaanga mihogo. Herufi haisemi ni lipi. Wanaotaka utalii wenyewe hutengeneza hesabu ya pembeni inayoitwa akaunti satelaiti ya utalii, ambayo inapita herufi moja moja na kuuliza ni sehemu gani ya shughuli hii ilinunuliwa na wageni. Ni kazi ndefu, ya kuunganisha matumizi ya watalii na mapato ya biashara, na haipatikani kwa kuperuzi simu.

Namba yake ya tatu ilikuwa ya hodi ya pili, kwa mwajiri. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hufanya utafiti wa ajira na mapato katika sekta rasmi, na hapo anayejibu ni taasisi. Uzuri wake ni kwamba mwajiri anajua shughuli yake na ana daftari la mishahara, hakuna "mie nipo tu". Lakini ili umpigie hodi lazima awemo kwenye orodha, na mwenye banda la chipsi hamo. Halafu mwajiri naye binadamu. Nawajua vijana waliofanya hoteli moja ya pwani, sitaitaja, wamevaa sare msimu mzima na hawakupewa mkataba. Bosi akiulizwa idadi ya wafanyakazi, unadhani anawahesabu?

Daftari la michango nalo linaanzia hapohapo. ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii ulioanzishwa mwaka 1998, unajua kila mwezi nani kachangiwa na mwajiri gani. Kwa urasmi hakuna kitu kinachoushinda. Lakini unamwona aliyechangiwa tu, na hata serikalini haumwoni kila mtu: askari polisi wa Wete na ofisa uhamiaji wa bandarini ni watumishi wa Muungano, mishahara na mifuko yao iko upande mwengine. Mtu akijumlisha "wafanyakazi wa serikali Zanzibar" kwa daftari moja, amewaacha majirani zake.

Kuna siku nilisoma kwamba Marekani hutoa namba zao za ajira kila mwezi na wanapiga hodi zote mbili, kaya kiasi cha 60,000 upande mmoja na waajiri upande mwengine, na bado namba mbili hazilingani. Nilifurahi, nakiri. Sababu moja ni kwamba nyumbani unahesabu watu na kwa mwajiri unahesabu nafasi. Mtu mwenye kazi mbili nyumbani ni mmoja, kwa waajiri ni wawili.

Sensa je? Sensa inampigia hodi kila mtu. Ile ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 ilituhesabu Zanzibar watu 1,889,773, na uzuri wake ni kushuka mpaka kwenye shehia, zote 388, jambo ambalo utafiti wa sampuli hauwezi. Lakini huja kila baada ya miaka kumi, maswali yake ya kazi ni machache, na Agosti hoteli zimejaa. Ingefanywa Mei, masika yamekolea na baadhi ya hoteli zimefungwa, nina hakika majibu ya baadhi ya watu wa Nungwi yangekuwa mengine.

Hapo ndipo namba ya nne iliponiuma. Kijana wetu kachukua asilimia kutoka utafiti wa nguvu kazi wa 2020/21, ambao kabla yake ulikuwepo wa 2014, akaizidisha na idadi ya watu wa leo. Hesabu haikukosea. Lakini miaka ile ni miaka gani? Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020, kwa korona, 260,644. Nakumbuka vijana wa kijijini walivyorudi na mabegi, mmoja baada ya mmoja, boti moja baada ya nyengine, wakaingia kwenye mwani na ngalawa. Utafiti uliofanyika kipindi hicho umeipiga picha Zanzibar iliyoanguka. Mwaka 2024 wageni walikuwa 736,755. Huwezi kuchukua picha ya mgonjwa ukamshonea nguo aliyepona.

Na wala idadi ya watalii yenyewe si idadi ya ajira, ingawa kila mwezi inatoka na kila mtu anaipenda. Wageni mia wa hoteli ya kulipia kila kitu mbele, wasiotoka getini, na wageni mia wanaolala nyumba za wageni mjini wakala kwa mama ntilie, hawawaachii kazi watu walewale.

Ile namba ya kwanza nimeiacha mwisho kwa sababu haistahiki mengi. Ilikuwa ya Tanzania nzima, kutoka ukurasa wa kimataifa ambao miaka isiyokuwa na utafiti huwekewa makadirio ya kikokotoo. Watanzania kwenye sensa tulikuwa 61,741,120. Sisi wa visiwani ni kama watatu katika kila mia. Hoteli zote za pwani ya mashariki zikifungwa kesho asubuhi, namba ile haitopepesa jicho.

Nikampelekea haya yote. Siku ya pili akapiga simu, safari hii na shikamoo yake.

"Ami, kwa hiyo niandike nini?"

Nikamwambia aende Mazizini, ofisini kwa Mtakwimu Mkuu, aombe jadwali la ajira kwa shughuli za kiuchumi, Unguja na Pemba mbalimbali, na aandike malazi na chakula kama malazi na chakula, na mwaka wake pembeni. Akaguna. Mwalimu anataka utalii. Nikamwambia mwalimu apewe ukurasa wa sababu.

Akanyamaza, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Na mama je? Mama anakaa herufi gani?"

Mama yake, shemeji yangu, anakaanga mandazi alfajiri: I. Bamvu likifika yuko pwani: A, 0321. Mwaka wa karafuu ukija anachambua kwa watu: A tena, 0128. Dodoso lina nafasi ya shughuli kuu na ya pili. Ya tatu haina pa kukaa. Na ipi kuu, inategemea mwezi, inategemea maji.

Nikampigia mwenyewe, kwa kujifurahisha.

"Shemeji, akija mdadisi akakuuliza unafanya kazi gani, utamwambia nini?"

"Nitamwambia sifanyi kazi, niko nyumbani." Nilisikia mafuta yanachemka nyuma yake. "Kwani wanakuja lini?"

"Hawaji, nauliza tu."

"Wakija wasije keshokutwa," akasema. "Keshokutwa bamvu, hawatonikuta."